Kujifunza Yoyo Nyanda za Juu Kusini: Uzi, Utupaji na Kikundi cha Jumamosi

Mtu anayejaribu yoyo kwa mara ya kwanza huitupa chini, huiona ikikwama mwisho wa uzi au ikirudi nusu njia, kisha huirudisha kabatini akiamini kwamba mchezo huu ni wa wenye vipaji. Mara nyingi mkono wake hauna kasoro yoyote. Uzi ndio mrefu kuliko kimo chake, au umejisokota kupita kiasi, au umekazwa kwa fundo kwenye ekseli mahali ambapo ulitakiwa kuizunguka tu. Mwongozo huu unamlenga msomaji wa Mbeya, Iringa, Njombe na maeneo ya jirani ambaye hana duka la yoyo la kukimbilia, na ambaye atalazimika kujisokotea uzi, kusafisha beringi mwenyewe, na pengine kumwomba mkereza mbao amchongee yoyo nzima. Kwa sababu hiyo nitakaa sana kwenye uzi na utupaji, na mbinu zenye majina nitazipitia kwa haraka zaidi, kwa kuwa aliyeyamudu hayo mawili hujifunza nyingine kwa kuzitazama kwenye simu.

Yoyo ya kuanzia

Yoyo ni visahani viwili vilivyounganishwa na ekseli fupi, na tofauti ya msingi kati ya yoyo moja na nyingine iko hapo katikati. Aina ya kwanza ina ekseli ya kawaida, ya mbao au ya chuma, ambayo uzi huizunguka moja kwa moja. Aina ya pili imevishwa beringi juu ya ekseli, kwa hiyo kitanzi cha uzi hukaa juu ya beringi na visahani huendelea kuzunguka kwa muda mrefu zaidi. Miongoni mwa yoyo za beringi zipo zinazoitika, yaani ukiuvuta uzi kidogo zinapanda mkononi, na zipo zisizoitika, ambazo hata ukizivuta namna gani hubaki chini zikizunguka mpaka uzikunjie uzi kwa makusudi. Washindani wa mbinu za uzi hutumia hizi za pili, na ndizo zinazoonekana kwenye video nyingi. Anayeanza asizinunue kwanza, kwa maana atatumia wiki nzima akikunja uzi kwa vidole kila baada ya kutupa.

Kwenye vibanda vya vifaa vya watoto, kama vile vya Mwanjelwa, hupatikana yoyo za plastiki, nyingine zikiwa na taa ndani. Usizidharau zote, ila zijaribu kabla ya kulipa. Uteremshe uzi wote, uishike yoyo ikining'inia, kisha uzungushe kisahani kwa kidole: kikiendelea kuzunguka bila kuuvuta uzi, kitanzi kiko huru na yoyo hiyo inaweza kufundishiwa, kikijiviringisha papo hapo, uzi umefungwa fundo, na utahitaji kuukata na kuweka mwingine. Halafu iviringishe juu ya meza. Inayoyumba kushoto na kulia visahani vyake havilingani, na hakuna mazoezi yatakayoitibu. Anayeagiza kwa mtandao na kupokea kifurushi Posta atakutana na majina kama Duncan, Yomega na YoYoFactory. Kwa mara ya kwanza achague yenye mwanya, yaani nafasi iliyo kati ya visahani, unaopanuka kuelekea nje, kwa kuwa ni rahisi kuitua juu ya uzi kuliko ile ya umbo la duara lililofungamana.

Njia ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayotufaa zaidi huku, ni kuchongesha. Mkereza mbao anayetengeneza miguu ya vitanda na vishikio vya makabati anaweza kutoa yoyo nzuri ya ekseli ya mbao ukimpa vipimo kamili: kipenyo cha sm 5.5, upana wa jumla usiozidi sm 4, mwanya wa mm 3 hivi, na ekseli ya unene wa mm 6 hadi 8 iliyolainishwa kwa msasa. Mbao ya msindano kutoka Sao Hill ni nyepesi na hubonyea inapogonga sakafu ya saruji, kwa hiyo omba mninga au mbao nyingine ngumu iliyokauka vizuri. Visahani vyote viwili vitoke kwenye kipande kimoja cha mbao na vilingane uzito. Anayeishi upande wa Chunya hatakosa mwenye mizani ndogo ya kupimia dhahabu ya kumwazima kwa dakika tano. Fundi mmoja wa Sido niliyempelekea mchoro aliugeuza mara mbili, akaniuliza, "Mwanangu, hivi ni vishikio vya droo gani hivi, mbona vina tundu katikati?" Nilipomwambia, "Hapana mzee wangu, ni vya kuchezea," alicheka mpaka vijana wake wakazima mashine, lakini kazi aliyotoa haikuwa na tofauti hata ya gramu moja kati ya kisahani na kisahani.

Uzi

Mwaka 1928 Pedro Flores, mhamiaji kutoka Ufilipino, alianzisha kiwanda cha yoyo huko Santa Barbara, California, na bidhaa yake ilitofautiana na vichezeo vya aina hiyo vilivyokuwa vimezoeleka Marekani kwa jambo moja tu: uzi haukufungwa kwenye ekseli bali uliizunguka kwa kitanzi. Donald Duncan aliinunua biashara hiyo baadaye na jina lake ndilo lililoenea, lakini karibu kila mbinu iliyobuniwa tangu wakati huo inasimama juu ya kitanzi kile. Uzi uliofungwa huirudisha yoyo mara tu inapofika chini. Uzi wenye kitanzi huiacha izunguke pale chini, hali ambayo wachezaji huiita kulala, na ni wakati wa kulala ndipo mbinu hufanyika.

Anza na urefu. Simama wima bila viatu vya visigino, yoyo ikigusa sakafu mbele ya miguu yako, kisha uunyooshe uzi kuelekea juu. Fundo la kitanzi cha kidole liwe usawa wa kitovu, na kinachozidi kikatwe. Nyuzi za dukani hukatwa kwa ajili ya watu warefu, na mtoto wa darasa la nne akipewa uzi huo bila kupunguziwa, yoyo itagonga sakafu kabla ya uzi kunyooka na hataelewa kamwe kwa nini hailali.

Kitanzi cha kidole nacho kina utaratibu wake. Ukishapiga fundo na kupata kitanzi kidogo, usikivishe hivyo hivyo kidoleni, kwa sababu hakiwezi kukaza wala kulegea. Pitisha uzi wenyewe ndani ya kitanzi hicho upate tanzi linaloteleza, ulivishe kwenye kidole cha kati cha mkono unaoutumia zaidi, kwenye pingili iliyo karibu na kiganja, kisha ulikaze kiasi cha kutochomoka. Kidole kikianza kuwa na rangi ya zambarau, pumzika na uhamishe tanzi. Katika baridi ya Juni na Julai ganzi huja bila kutambulika.

Kuuweka uzi kwenye ekseli kunategemea kama yoyo inafunguka. Inayofunguka kwa kuzungusha visahani huvishwa kitanzi moja kwa moja juu ya beringi na kufungwa tena bila kutumia nguvu nyingi. Isiyofunguka hutaka uzi upanuliwe: shika ncha iliyokunjwa, izungushe kinyume cha msokoto wake mpaka nyuzi mbili ziachane, pitisha kisahani kimoja ndani ya uwazi huo, kisha uache zijisokote tena kuizunguka ekseli. Kwa anayeanza na yoyo ya beringi inayositasita kurudi, kitanzi kikizungushwa mara mbili huongeza msuguano na yoyo huitika upesi, ingawa muda wa kulala hupungua.

Sasa kuhusu kuusokota mwenyewe. Kwa yoyo ya beringi tumia uzi wa cherehani wa polista. Kwa ekseli ya mbao tumia uzi wa pamba, kwa maana msuguano wa ekseli huzalisha joto linaloharibu polista. Nailoni ya kushonea viatu na mshipi wa kuvulia viachwe kabisa, kwa kuwa huteleza na hukata kidole. Funga ncha ya uzi kwenye nondo ya dirisha, tembea m 3, uzungushie kwenye msumari uliopinda, urudi dirishani, na uendelee hivyo mpaka uwe na nyuzi 6 zilizolala sambamba zikiwa na mkazo sawa. Uchomeke msumari huo kwenye drili badala ya kekee yake, au uuzungushe kwa mkono kama una subira, huku ukiuweka uzi ukiwa umenyooka wakati wote, mpaka urefu wake upungue kwa karibu moja ya tano. Hapo hatua ngumu inafika: usilegeze hata kidogo. Mtu wa pili atundike kufuli dogo katikati ya uzi, wewe ulete ncha ya drili mpaka ikutane na ile ya dirishani, ziunganishwe mkononi mwako, kisha kufuli liachwe lining'inie. Litazunguka kwa kasi, litapunguza mwendo, litarudi nyuma kidogo na kusimama, na chini yake utakuwa umepata uzi mmoja imara wa nyuzi 12 wenye kitanzi cha asili pale ambapo kufuli lilikuwa. Hicho ndicho kitanzi cha ekseli. Ncha ya juu piga fundo. Unene unaofaa ni wa mm 1 hivi, na kwa kuwa nyuzi za cherehani hutofautiana, ongeza au punguza idadi kwa kuangalia matokeo.

Uzi mzuri bado huharibika kwa kutumiwa. Kila unapotupa, unaongeza au kupunguza msokoto kidogo, kutegemea mkono unaoutumia na upande unaotupia. Uzi uliokazika mno hujikunja vifundovifundo unapolegea na yoyo hurudi kabla hujaiita; uliolegea mno huifanya yoyo ichelewe kuitika, na mwishowe hukatika. Tiba yake ni kuvua tanzi kidoleni, kuishika yoyo juu, na kuuacha uzi uning'inie huru mpaka uache kuzunguka wenyewe. Fanya hivyo mara kwa mara ndani ya kipindi kimoja cha mazoezi. Mara tu unapoona nyuzinyuzi zimesimama karibu na ekseli, utupe uzi huo bila huruma. Yoyo ya aluminiamu inayokatika ikiwa kwenye mzunguko haina tofauti na jiwe, na imeshavunja vioo na meno ya watu wengi.

Kutupa na kulaza

Iweke yoyo kiganjani, kiganja kikitazama juu, na uhakikishe kwamba uzi unatoka kidoleni, unapanda mbele ya yoyo na kupita juu ya mgongo wake. Ukitokea chini yake, geuza. Kunja mkono mpaka ngumi ifike karibu na bega, kiwiko kikielekea mbele. Ushushe mkono kwa kasi, na kabla haujanyooka, kunjua kifundo cha mkono ili yoyo iviringike kutoka kwenye ncha za vidole. Kasi ya mzunguko hutoka kwenye kifundo hicho. Bega likitumika, yoyo hushuka kwa nguvu lakini huzunguka kivivu. Yoyo ikishatoka, geuza kiganja kitazame chini.

Kulaza kunategemea kile mkono unachofanya uzi unapokaribia kwisha. Anayeogopa huuvuta mkono juu bila kujua, na mvuto huo ndio wito: uzi hulegea kidogo mara baada ya kukazwa, kitanzi hukamatwa na ekseli au pedi za mpira zilizo kando ya mwanya, na yoyo hupanda. Ukitaka ilale, ulegeze mkono na uuache ushuke kidogo kuifuata yoyo, ili isidunde mwisho wa uzi. Ukitaka irudi, iite kwa kuvuta kifupi na kwa ukali kuelekea juu, kisha uisubiri kwa kiganja kilichofunguka. Uzito wa yoyo yenyewe ndio unaouweka uzi ukiwa umenyooka wakati wa kulala, na ndiyo maana wanaanga wa chombo cha Discovery walioijaribu yoyo angani mwaka 1985 hawakuweza kuilaza: ilikuwa ikifika mwisho wa uzi inarudi moja kwa moja.

Tatizo linalofuata, na ambalo huchukua muda mrefu zaidi kurekebishwa, ni kuinama. Yoyo iliyotupwa kwa mkono uliopinda kuelekea kifuani huanza kuzunguka ikiwa imelala upande, uzi husugua ukuta wa kisahani kimoja, na mzunguko hufa mapema. Itazame kutoka juu ikiwa imelala: uzi uwe katikati ya mwanya bila kugusa upande wowote. Njia ya mazoezi ninayoipendekeza ni kusimama mbele ya mstari ulionyooka, kama vile ungio la vigae au ufa wa kupimia kwenye sakafu ya saruji ya ukumbi, na kutupa huku ukilinganisha mwanya na mstari huo. Utaona pia kwamba yoyo iliyoinama kidogo hugeuka polepole kama mtu anayetafuta upepo unakotoka. Geuka nayo badala ya kulazimisha uzi, maana ukiulazimisha itainama zaidi.

Usisonge mbele mpaka yoyo ya plastiki yenye beringi ilale sekunde 10 mfululizo bila kuinama na irudi mkononi kwa wito mmoja. Kwa ekseli ya mbao sekunde 5 zinatosha kabisa. Kabla ya kila kipindi angalia taa iliyo juu ya kichwa, watoto walio nyuma yako na umbali wa mtu wa karibu, ambao usipungue urefu wa uzi na mkono kwa pamoja. Mtoto mdogo asipewe yoyo ya chuma. Asubuhi za Julai, kwenye mji kama Mbeya ulio karibu m 1,700 juu ya usawa wa bahari, vidole huwa vigumu na mtu hukunjua kifundo kwa kuchelewa, kwa hiyo anza kwa kupasha mikono moto mfukoni au kwa kikombe cha chai, na kwa upepo wa mchana wa kiangazi jifunze kusimama ukiupa mgongo.

Mbinu za mwanzo

Kutembeza mbwa ni kuilaza yoyo, kuishusha mpaka iguse sakafu laini kidogo tu, na kuiacha iviringike mbele yako ukiifuata, kisha kuiita kabla mzunguko haujaisha. Saruji iliyochakaa hutafuna kingo za plastiki. Tumia sakafu ya vigae au ya mbao. Kuzungusha dunia ni kutupa mbele na kuiacha yoyo izunguke duara kamili kando ya bega. Inapendeza watazamaji lakini haifundishi mengi, na haifai kabisa ndani ya nyumba.

Kubembeleza mtoto kunastahili uangalifu zaidi, kwa kuwa kunafundisha mikono yote miwili kufanya kazi pamoja. Jaribu kwanza yoyo ikiwa haizunguki. Shika uzi katikati kwa mkono wa pili na uuinue. Kwa vidole vya mkono uliovaa tanzi, bana uzi sm 12 hivi juu ya yoyo. Kisha tanua vidole vya mkono wa pili upate pembetatu ambayo yoyo inabembea ndani yake. Ukiweza kuijenga ukiwa umefumba macho, ndipo ufanye hivyo yoyo ikiwa imelala. Wanaoruka hatua hii ya yoyo iliyosimama hujikuta wakipigana na muda.

Lango la mbinu zote za uzi za kisasa ni kutupa kwa ubavu na kutua kwenye bembea. Inua mkono kando ya mwili, kiwiko kikiwa kimekunjwa, na uitupe yoyo kuelekea ubavuni chini, ili ichore nusu duara mbele ya kifua na kutokea upande wa pili. Uso wa mzunguko uwe sambamba na kifua chako. Kwa upande huo wa pili nyoosha kidole cha shahada cha mkono huru mbele ya mwili na ukiache kikutane na uzi. Hapa ndipo wengi hukosea: hukutana na uzi mbali na yoyo, ikabaki na mkia mrefu unaoyumba na isiweze kulengwa. Kidole kiguse uzi sm 3 hadi 5 kutoka kwenye yoyo. Yoyo itakizunguka kidole na kushuka upande wa ndani, na hapo uusogeze mkono uliovaa tanzi ili uzi ukae chini ya mwanya wake. Macho yabaki kwenye yoyo. Ikitua, sogeza mikono karibu ishuke, tenganisha ipande, na umalize kwa kuirudisha ilikotoka, kuzunguka kidole kinyumenyume, kabla ya kuiita. Siku ya kwanza itakosa mara nyingi na itagonga vifundo vya vidole. Siku itakapotua, mlio wa beringi utabadilika na kuwa mwembamba zaidi, na utaujua hata bila kutazama.

Anayeyamudu haya na yoyo inayoitika ndiye aliye tayari kwa isiyoitika, na jambo moja jipya atakalolazimika kujifunza ni kuikunjia uzi ili irudi. Yoyo ikiwa imelala, pitisha kidole cha mkono huru chini ya uzi na uuinue ili yoyo ining'inie kutoka kidoleni hapo. Teremsha mkono wa tanzi ukiulegeza uzi uliobaki uingie ndani ya mwanya kando ya ule ulionyooka. Uzi ukishakuwa maradufu ndani ya mwanya, pedi zitaukamata, nawe uachie kidole. Ikigoma kushika, uzi umeingia kwa upande usio wa mzunguko. Jaribu upande mwingine.

Vumbi na beringi

Kuanzia Agosti mpaka mvua zinapoanza, vumbi la huku huingia kila mahali, na beringi ya yoyo huanza kukoroma na kuitika bila kuombwa. Itoe kwenye ekseli, ondoa vifuniko vyake vya pembeni kwa sindano kama vinatoka, uitumbukize kwenye kichupa cha thina ya rangi na kukitikisa, kisha uikaushe kwa kuipulizia na kuizungusha kwenye kalamu. Kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko. Mafuta ya kupikia yasikaribie beringi kamwe. Kwa yoyo inayoitika weka tone dogo la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano. Kwa isiyoitika iache kavu, au uiguse tu kwa sindano iliyochovywa. Wakati wa masika kazi ni nyingine: uzi wa pamba hunywa unyevu na kunenepa, kwa hiyo hifadhi nyuzi zako kwenye kopo lenye mfuniko.

Kikundi cha Jumamosi

Yoyo inaweza kuchezwa peke yako, lakini maendeleo huja haraka zaidi pale watu watatu au wanne wanapokutana, kwa sababu kosa la kuinama huonekana na anayetazama kabla halijahisiwa na anayetupa. Tafuteni mahali penye sakafu tambarare na dari ya juu: ukumbi wa shule kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, baraza la kanisa siku isiyo na ibada, au uwanja mgumu wa mpira wa kikapu. Wazazi waonyeshwe mapema kinachofanyika, maana mtoto anayeonekana akizungusha kitu kichwani kwake bila maelezo huitwa nyumbani. Wakubwa na wadogo wachanganyike, ila yoyo za chuma ziwe na upande wao.

Desturi chache za wachezaji wa dunia nzima zinafaa kufuatwa tangu siku ya kwanza. Yoyo ya mwenzako huishiki bila kusema, "Naomba nijaribu," na ukipewa huipeleki juu ya saruji. Ukiiangusha na kuitia kovu, mwenyewe anaambiwa kabla hajaligundua. Uzi hauazimwi bali unatolewa, kwa kuwa baada ya kidole cha mtu mmoja umeshapata tabia yake. Anayejua mbinu anaifundisha akiombwa, na anayeifundisha hutaja aliyemfundisha. Hata mitandaoni wachezaji huwa wakali kuhusu kutambua nani alibuni nini. Kuhusu video, simu moja ipakue, wengine wapokee kwa bluetooth, na itazamwe kwa mwendo wa polepole zaidi ya mara moja kabla ya mtu yeyote kushika yoyo.

Kundi likikua, mtaulizana mnacheza mtindo gani. Mashindano ya kimataifa hugawanya uchezaji katika mitindo mitano. Wa kwanza ni yoyo moja na mbinu za uzi, ambao ndio huu tulioueleza. Wa pili ni yoyo mbili zinazopigwa mizunguko ya kwenda na kurudi, na Shinji Saito wa Japani ndiye aliyeutawala kwa miaka mingi. Wa tatu ni yoyo mbili zote zikifanya mbinu za uzi. Katika mtindo wa nne yoyo haikuunganishwa na uzi kabisa, na katika wa tano kidole hakivai tanzi, badala yake ncha ya uzi ina kizani kidogo kinachorushwa pamoja na yoyo, wazo lililoenezwa na Mmarekani Steve Brown tangu mwaka 1999. Bakini kwenye wa kwanza. Wa nne unavutia watoto, lakini katika ukumbi wenye madirisha ya vioo gharama yake hupanda haraka.

Shindano dogo la ndani linaweza kufanyika mara tu watu sita wanapoweza kutua kwenye bembea. Umri usiwe kikwazo: bingwa wa mashindano ya dunia yaliyofanyika London mwaka 1932, Harvey Lowe wa Kanada, alikuwa na miaka 13. Fainali za siku hizi huwa za dakika 3 zenye muziki, lakini kwenu dakika 1 inatosha. Waamuzi wa kimataifa hubonyeza kihesabio kwa kila tendo la uzi lililofanikiwa na kupunguza kwa kila lililoharibika, na alama hizo za ufundi huwa na uzito kuliko zile za muziki, mpangilio na mwendo wa mwili. Huku kwetu waamuzi wawili wenye karatasi na kalamu, wakiweka mkwaju mmoja kwa kila mbinu iliyotua na kuufuta mmoja kila yoyo inaposimama, hawatakuwa mbali na haki, mradi orodha ya mbinu zinazohesabiwa ibandikwe ukutani wiki moja kabla na mwamuzi asiwe kaka wala mjomba wa mshindani. Anayekatikiwa na uzi katikati ya zamu yake aruhusiwe kuchukua yoyo ya pili bila saa kusimamishwa. Zawadi nayo isiwe yoyo mpya, kwa kuwa mshindi anayo tayari. Mpeni kifurushi cha nyuzi 20 zilizosokotwa vizuri, zikiwa zimekatwa kwa urefu wa kitovu chake.